Waimbaji wa Ugogo Walioweka Makao Bagamoyo

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita Tegeta, Bunju na Mapinga, mwendo wa kilometa sabini hivi. Ukikaribia mji unaona minazi mingi, halafu zile nyumba za kale za mawe, nyingine zimebomoka. Wakatoliki tunaujua mji huu kwa ajili ya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Tunaujua pia kwa ule mnara wa kanisa la zamani, ambamo maiti ya Livingstone ililazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mambo hayo tumekwisha kuyasoma mara nyingi, wala sitayarudia. Leo nataka tuwatazame waimbaji.

Msomaji atauliza: waimbaji gani? Taarabu ni ya Unguja, na dansi ni la Dar es Salaam. Kweli. Lakini pembeni mwa mji wa Bagamoyo, karibu na pwani, kipo Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho siku hizi huitwa TaSUBa. Kilizaliwa kutokana na vikundi vya ngoma vya taifa vilivyoundwa baada ya Uhuru. Ndicho kilichomleta Bagamoyo Hukwe Zawose, Mgogo mchunga ng'ombe, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, mkoa wa Dodoma.

Njia aliyoijia si ngeni. Zamani misafara ya pembe na watumwa ilitoka bara ikapita Ugogo, na Wagogo walidai hongo, maana maji ya nchi ile kavu yalikuwa yao. Wapagazi waliimba njiani hata wakaiona bahari. Miaka mia baadaye akaja Mgogo mwenyewe, bila mzigo wa mtu kichwani, amechukua ilimba lake na zeze lake.

Yafaa kueleza ilimba, kwa wasomaji wa sehemu nyingine. Ni sanduku la mti lenye vipande vya chuma, nawe huvibonyeza kwa vidole gumba. Wengine huita marimba ya mkono. La Zawose lilikuwa kubwa sana, lenye vyuma vingi. Katika ubao hutobolewa tundu, likafunikwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mzito afunikao mayai yake. Chombo kikipigwa, utando hutetemeka ukatoa mlio kama wa nyuki. Mtu asiyejua atadhani chombo kimeharibika! Kumbe bila mlio huo Mgogo huona wimbo haujaiva.

Na sauti yake! Ilianza chini kama ya mzee anayeonya wajukuu, ikapanda hata ikawa nyembamba kama ya mtoto. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kutoka Ugogo kwa ajili ya kipaji hicho. Baadaye Peter Gabriel, mwimbaji wa Uingereza, aliyezipenda tangu ujana nyimbo za Wamarekani Weusi kama Otis Redding, alitoa sahani ya Zawose iitwayo Chibite mwaka 1996. Mwaka 2002 Zawose na Charles, mtoto wa ndugu yake, walikwenda Marekani wakaimba katika safari ya Gabriel. Kwa maoni yangu haikuwa ajabu wasikilizaji wa huko kuwaelewa. Wengi wa hao waimbaji wa Marekani walijifunza kuimba kanisani, mmoja akiongoza na umati ukiitikia, na Mgogo naye huimba hivyo hivyo.

Lakini hapa kwetu, je? Watu wengi wa Tanzania hawalijui jina lake. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Sifa ya ng'ambo si kitu cha kutegemewa. Wenye kuwaalika waimbaji wakihuzunika leo, kesho humtafuta mwingine. Nyumba ya Zawose ilibaki na watoto wengi, na swali moja: nani ataongoza?

Hapo ndipo pananipendeza zaidi. Kwa desturi ya Wagogo, ngoma iitwayo muheme hupigwa na wanawake, wakiiweka katikati ya mapaja. Lakini mbele ya watazamaji wa mjini na wa Ulaya, wanawake wa nyumba hii kwa miaka mingi walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume. Majina yao hayakutajwa. Msafiri, mwana wa Hukwe, aliendelea na kazi na kutoa sahani iitwayo Uhamiaji mwaka 2017. Kisha Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wakasimama mbele wenyewe. Mwaka 2024 wakatoa sahani yao, Maisha, na Real World, kampuni ile ile iliyotoa Chibite. Wanapiga ngoma na ilimba wenyewe.

Wazazi wengine watanuna, wakisema ngoma ni mambo ya kipagani. Ndugu, Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza muziki wa asili wa nchi za misioni upewe heshima inayostahili. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Wabantu. Hata hivyo ziko parokia ambamo kinanda cha umeme kina kabati lake, na ngoma inalowa mvua nje.

Ukienda Bagamoyo kuhiji, ukitoka misioni chini ya ile miembe mirefu, usikimbilie basi. Uliza njia ya Chuo cha Sanaa. Jioni, upepo ukivuma kutoka baharini, huenda ukasikia vijana wakijizoeza ngoma.