Trei ya Mayai

Mwezi uliopita mjukuu wangu, kijana wa miaka 12 aliyezaliwa na kulelewa Unguja mjini, alisimama mbele ya duka moja la vinyago, katika uchochoro niliokuwa nikiupita kila siku nilipokuwa na umri wake, akaliinua bao jipya lililong'arishwa kwa dawa nyeusi ya viatu, akaniuliza: "Babu, mbona trei hii ya mayai ni ya mbao?" Mwenye duka alicheka. Mimi sikucheka, ila insafu ilinilazimu kukiri kwamba kijana hakukosea mbali, maana trei ya mayai ina mashimo 30 na bao lina 32. Tena asiyewahi kuona watu wamekiinamia kitu hawezi kulaumiwa kwa kutojua kitu hicho ni cha nini.

Sisi tulimwona Fundi. Jina hilo alikuwa nalo kwa sababu mbili, wala sikujua ipi ilitangulia: alikuwa mshoni wa kanzu na makoti, na alikuwa fundi wa bao, ndilo jina la taadhima wanaloitwa mabingwa wa mchezo ule. Baraza ya duka lake ilikuwa ya mawe, imesuguliwa na wakaaji hata ikaingia ndani kidogo mfano wa sahani, na harufu yake ningeitambua gizani: makaa ya pasi, kitambaa chenye maji kinapoguswa na chuma cha moto, kahawa chungu iliyomiminwa kutoka katika dele, na chokaa ya ukuta siku za mvua. Kete zake zilikuwa komwe, mbegu zile za kijivu ziokotwazo pwani. Lakini katika zile 64 kadhaa zilikuwa zimepotea, naye akajaza mahali pake kwa vifungo vya makoti.

Nilianza kukaa pale, nadhani, mwaka 1957. Nimeitazama shahada yangu ya skuli, nayo yaelekea kusema 1958. Dada yangu aapa kwamba ni baadaye zaidi. Basi na iwe.

Desturi ya baraza ile ilikuwa kwamba baada ya sala ya Alasiri mchezo wa kwanza ni haki ya mchezaji dhaifu kuliko wote. Makarani, mabaharia, na wachezaji hodari waliokuja kwa miguu kutoka Ng'ambo waliketi wakingoja, hali Fundi anacheza na mtoto asiyejua shimo la kichwa wala la kimbi. Kwa miezi mingi hakuniruhusu kunamua, yaani kuingiza kete za akiba moja moja kutoka mkononi. Nilicheza bao la kujifunza tu, kete mbili mbili kila shimo. Hakuniambia hata siku moja nishike shimo gani. Nilipokosea, aliuacha mkono wake ukining'inia juu ya bao kitambo kirefu kuliko haja, hata kosa nilione mwenyewe, ndipo akanila. Aliponifikisha kwenye nyumba, shimo lile la mraba, alinitia mashakani zaidi. Kwani ukila na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, wahitari nyumba ilale au isafiri, na kila mtoto huisafirisha kwa utamu wa kuona kiganja kimejaa. Nami nikasafiri. Nikafungwa mkononi, kete za akiba hazijesha bado, wazee wakapiga kelele. Fundi akasema, "Mwanangu, ulikuwa na haja gani huko ulikokwenda?" Kisha akapanga upya: sita nyumbani, mbili, na mbili tena, ishirini na mbili mkononi, na karani aliyekwisha vua viatu ili achukue nafasi yangu akarudi kuketi.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Fundi akafariki, zikaja televisheni za rangi, ikaja mitumba, na duka likawa la mwingine. Bao halikufa, na wasemao limekufa hawapiti vichochoroni jioni. Uliokufa ni ule mchezo wa kwanza. Mafundi wa leo hucheza na mafundi, na kijana akisogea huambiwa aondoe kivuli. Wala sijitoi: niliwahi kumwambia mtoto wa jirani angoje kidogo, nikacheza mabao matano, adhana ya Magharibi ikalia, akaenda zake na asirudi tena.

Trei ile niliinunua. Mashimo yake hayana kina, na nyumba zimechongwa mviringo kama mashimo mengine, kosa ambalo Fundi asingemsamehe mchongaji. Tulipozimwaga kete sakafuni zilikuwa 61. Mjukuu alitaka turudi dukani tukadai. Nikamtuma alete mkebe wa vifungo wa marehemu bibi yake. Akachagua vitatu vyeusi vya koti, akapanga mbili mbili mpaka mwisho, akashika shimo la kwanza, akaniinulia macho nimwambie aelekee wapi.

Nikatazama dirishani.