Volti Zinazopotea Njiani

Kazi yangu ni stata. Nimefunga taa, nimetengeneza honi na oltaneta, nimevuta nyaya za redio kwenye matatu, lakini wanaonijua Nakuru wananijua kwa stata, na kwa sababu moja: siuzi mpya kabla ya kujua ya zamani imekosa nini. Kwa msimamo huo nimepoteza wateja wenye haraka, na nimepata wengine ambao siku hizi wananiletea magari ya watoto wao.

Niliingia kazini 1986, mwaka ambao Björn Waldegård alishinda Safari Rally akiendesha Toyota Celica. Mwalimu wangu alikuwa fundi wa Kihindi, mzee mwenye karakana ndogo si mbali na stesheni ya reli. Wakati huo Pijoti 504 ndizo zilizobeba abiria wa Nairobi, na stata zao hazikukosekana mezani kwake. Hakunipa mita. Alinipa balbu ya taa kubwa ya gari iliyolehemewa nyaya mbili, akaniambia nisishike spana mpaka balbu iseme. Nilidhani ni ubahili. Kumbe balbu ya wati 55 hula karibu ampea 5, na waya ulioharibika sana hauwezi kuilisha. Mwanga unafifia mbele ya macho yako. Mita hutosheka na umeme kidogo mno, ndiyo maana husifu nyaya zisizostahili sifa.

Mzee yule ndiye aliyenieleza kwamba kabla ya Charles Kettering kuipatia Cadillac stata ya umeme mwaka 1912, injini zilizungushwa kwa hendeli ya mkono, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono wa mtu. Alilisema hilo kwa heshima kubwa. Alitaka nielewe kwamba mota ile ndogo inafanya kazi ya mwanamume mwenye nguvu, tena kwa sekunde chache, na kwa hizo sekunde inakula umeme kuliko kila kitu kingine kwenye gari. Gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100, lori huvuta mamia. Anayesahau ukubwa wa mkondo huo hawezi kutibu stata.

Kazi ilinizungusha Bonde la Ufa lote la kati. Njoro na Mau Narok niliitwa wakati wa mavuno, kwa sababu ngano ikikomaa haingoji, na mashine ya kuvunia ikikataa kuwaka asubuhi huku wingu limetanda juu ya Mau, mkulima anaona mwaka mzima ukielekea kuoza. Salgaa niliitwa usiku na madereva wa malori ya kwenda Uganda. Huko nilijifunza ugonjwa wa joto. Lori limepanda, stata imekaa karibu na bomba la moshi, dereva anazima ili ale, akirudi injini haizunguki. Akingoja saa moja inawaka kana kwamba hapakuwa na shida. Shaba ikipata joto la nyuzi 100 zaidi, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 40. Stata yenye bushi zilizolika au brashi fupi huvumilia ikiwa baridi, ikipashwa inakataa. Dereva akikuambia "ikiwa moto ndiyo inagoma", amekupa nusu ya jibu. Msikilize.

Halafu kuna vumbi. Udongo wetu ni majivu ya volkeno, laini kama unga, na hupenya mahali ambapo maji hayapenyi. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na makao yake yakawa Naivasha, dunia nzima imeona magari yakimezwa na vumbi la Kedong na Soysambu. Sisi tumeishi nalo. Upande wa Gilgil kuna lile jeupe la machimbo ya Kariandusi. Na ziwa letu la magadi lilipokauka sana katikati ya miaka ya 1990, upepo ulileta vumbi la chumvi mpaka mjini; mvua ya kwanza ikinyesha, terminali za betri zinaota ukungu mweupe. Vumbi likikutana na grisi kwenye gia ya bendeksi hugeuka udongo wa kufinyangia. Stata inavuma kwa kasi bila kukamata flaiwili, na mwenye gari anaambiwa anunue nyingine. Dawa yake ni mafuta ya taa, brashi ya rangi na kitambaa kikavu. Bendeksi haitaki grisi katika nchi hii.

Kazi iliyonifundisha zaidi uzeeni haikuwa ya lori. Kijana mmoja kutoka mashamba ya Solai aliniletea gokati la mashindano nyuma ya pikapu, lenye injini ya Rotax ya cc 125, mipigo miwili, inayopozwa kwa maji. Alilinunua likiwa limetumika. Sikuwahi kushika injini ya namna hiyo, lakini stata ni stata.

"Mzee, hii ni stata ya pili na imekufa pia," akasema.

"Nani amesema imekufa?"

"Ukibonyeza inazunguka nusu, inakwama, halafu inasema tik. Fundi wa kwanza alipima waya zote, mita ikalia. Akasema zilizobaki ni stata na pesa."

Nilikaa na gokati lile kwanza bila kugusa kitu. Chombo hiki hakina springi wala shokamzoba; kila kijiwe cha barabarani kinafika kwenye fremu, kutoka fremu kinafika kwenye nyaya. Betri yake haishindi ile ya pikipiki kwa ukubwa, na injini yenyewe haiichaji: unaijaza kwa chaja nyumbani, unakuja nayo uwanjani, unatumia ulichobeba. Kwenye lori lenye betri mbili nzito unaweza kupoteza volti moja njiani na injini ikawaka. Hapa hakuna akiba ya kupoteza.

Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.7. Hiyo ni betri iliyojaa. Lakini betri iliyotulia haijathibitisha lolote, kwa hiyo nilimwambia abonyeze huku naangalia: 10.9. Nzuri. Ingeshuka chini ya 9.6 ningeilaumu betri na kumrudisha kijana nyumbani. Nikahamisha mita kwenye stata yenyewe, akabonyeza tena: 8.4. Volti mbili na nusu zimetoka kwenye betri na hazikufika.

Hapo fundi anatafuta mwizi, na njia yake ni nyepesi, ingawa wachache wanaitumia. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri na nyingine kwenye bolti ya stata, kisha mtu abonyeze. Mita itakusomea volti zinazopotea kati ya hapo na hapo. Upande wa chanya, kupitia rilei, zilipotea 0.4. Si safi sana, lakini si ugonjwa. Kisha ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata: 2.1. Njia nzima, kwenda na kurudi, haifai kupoteza zaidi ya nusu volti.

Waya wa athi ulionekana mzima kwa nje, plastiki yake nyeusi bado inang'aa. Niliukunja karibu na kichwa chake, ukakunjika kwa urahisi usio wa kawaida. Nikapasua plastiki. Ndani nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika kwa mtikisiko, zimebaki chache, na hizo zimekuwa kijani. Ndiyo maana mita ya fundi wa kwanza ililia. Mita hulia hata ukibaki uzi mmoja, kwa kuwa inapitisha umeme kidogo kuliko wa kuwasha taa ya saa. Waya wenye ukinzani wa 0.03 ohmu tu, ampea 70 zikipita, unameza volti 2.1, na mita ya kawaida haiwezi kuona 0.03 kwa sababu nyaya zake zenyewe zina zaidi ya hapo. Kipimo cha haki ni kile kinachofanywa wakati stata inafanya kazi.

Nilikata waya mpya mnene. Vichwa vyake nilivibana kwa koleo, sikuvilehemu. Mafundi wengi hupenda lehemu, lakini kwenye kitu kinachotikisika namna hii lehemu hupanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu, zikakatika palepale inapoishia. Nilikwangua rangi na kutu nyeupe kwenye alumini ya injini mpaka ikang'aa, nikafunga, nikaufungia waya kwenye fremu usichezecheze. Tukapima tena upande ule: chini ya 0.2. Stata ile "iliyokufa" ikazungusha injini kwa sauti moja isiyokatika. Nilimfungulia ile ya kwanza pia, aliyokuwa ametupa kwenye sanduku. Brashi zake zilikuwa ndefu, amecha safi, bushi hazichezi. Ilikuwa nzima siku zote.

Injini ilizunguka lakini haikuwaka, na hapa fundi asiye na subira huua betri. Kijana alitaka kuendelea kubonyeza. Nilimzuia, maana stata ndogo haifai kuzungushwa zaidi ya sekunde chache bila kupumzishwa. Plagi ilitoka imelowa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya Mombasa, lakini kabureta ile ilikuwa imepangwa kwa hewa nzito ya mahali pa chini. Petroli ilikuwa nyingi mno kwa hewa iliyopo. Tulikausha plagi, tukaweka jeti ndogo zaidi na kushusha sindano. Iliwaka kwa kubonyeza mara moja, na moshi wa oili ya mipigo miwili ukajaa karakana. Nilifurahi kama mtoto. Kwa hiyo gokati lile lilikuwa na magonjwa mawili yaliyosaidiana: petroli nyingi ilimlazimisha dereva kubonyeza muda mrefu, na waya mbovu ukaifanya kila sekunde ya kubonyeza kuwa mateso.

Tangu hapo napima namna hiyo kila chombo, na tuktuk ndizo zinanipa sababu kubwa zaidi. Kijana wa tuktuk wa Kaptembwa ana pesa za kumpelekea mwenye chombo kila jioni, chombo kiwe kimewaka au hakikuwaka. Nimewaona wakiuziwa stata za bandia zenye brashi za makaa matupu, nyeusi tititi, wakati brashi ya stata inapaswa kuwa na shaba nyingi na kuonekana nyekundunyekundu inapokwanguliwa. Makaa matupu hayawezi kupitisha mkondo ule. Yanaungua na kula amecha. Mtu amelipa kazi ya wiki nzima kwa kifaa kibaya kuliko kile alichoambiwa atupe, na waya uliomsumbua bado uko palepale. Jambo hilo linaniuma kila mara.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye gari, trekta, tuktuk au pikipiki: fundi akikuambia stata imekufa, mwambie apime volti kwenye stata yenyewe huku wewe ukibonyeza, na akuonyeshe namba. Ni kazi ya dakika mbili na haihitaji kufungua bolti hata moja. Asiyekubali kupima, usimpe pesa zako.