Vipindi vya Mageuzi

Mwanza, Jumatatu, 14 Julai 2025
Jioni hii nimekagua madaftari ya kidato cha nne. Mada ya mageuzi ya viumbe imepewa nusu ukurasa. Lamarck mistari mitatu, Darwin minne, kisha kwa herufi kubwa: JIBU LA NECTA, USIAMINI. Kila daftari nililofungua lina maneno hayohayo, maana yake yalitoka ubaoni. Aliyeyaandika ni mwalimu mwenzangu ninayemheshimu. Kwenye jenetiki hapa shuleni hana mpinzani. Ndiyo maana imeniuma.

Jumanne, 15 Julai
Nimezungumza na mwalimu huyo ofisini wenzetu walipotoka kwenda kunywa chai. Hakukana. "Madam, mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kusimama mbele ya watoto wa watu nikawaambia hawakuumbwa na Mungu." Nikamjibu kwamba muhtasari wa somo haumtaki aseme hivyo. Unamtaka aeleze ushahidi: visukuku, mifupa inayofanana, sifa zinavyorithiwa. Nikamkumbusha kuwa mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hii ni zaidi ya dhana tu. Akasema yeye si Mkatoliki. Haya. Lakini darasani kwake wamo Wakatoliki, Waislamu na Wasabato, na wote wameandikishwa imani ya mtu mmoja.

Alhamisi, 17 Julai
Tarehe kama ya leo mwaka 1959, Mary Leakey alikuta fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Wanafunzi wetu wanalijua kupitia Historia, na wanalitaja kwa fahari kwa kuwa ni la kwetu. Kengele ikilia wanaingia Baiolojia, wanaambiwa wasiamini. Mtoto ashike lipi? Atazoea kwamba elimu ni maneno ya kumridhisha msahihishaji. Hilo naliogopa kuliko alama mbaya.

Ijumaa, 18 Julai
Mkuu wa shule amenipa vipindi viwili mfululizo. Sikuanza na binadamu na nyani. Nimeanza na seli mundu, kwa sababu huku Kanda ya Ziwa si ugonjwa wa kusimuliwa. Nikachora: baba ana kinasaba kimoja cha ugonjwa, mama kimoja. Kila mimba, uwezekano wa mtoto kurithi vyote viwili na kuugua ni mmoja kati ya minne. Nikauliza: kama kinaua watoto, mbona hakijatoweka? Kimya.

Ndipo nikawaeleza kuhusu Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Aliona kwamba kando ya pwani na Ziwa Victoria wenye kinasaba hicho walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii, ilhali nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, watoto wa namna hiyo walipona, wakakua, wakazaa.

Binti wa dawati la mbele akanyanyua mkono: "Kwa hiyo madam, ndiyo uteuzi asilia wenyewe?" Ndiyo wenyewe. Kijana mmoja akauliza kama kukubali haya ni dhambi. Nikamwambia swali hilo ni zuri, akamuulize padri wake. Mimi kazi yangu ni kumwonyesha malaria ilivyofanya kazi.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya ibada nimemfikiria John Scopes wa Tennessee, aliyehukumiwa mwaka 1925 kulipa faini ya dola 100 kwa kufundisha mageuzi. Kule sheria ilimkataza mwalimu. Kwetu muhtasari unamwagiza afundishe, na anayezuia ni mwalimu mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Na angekuwa mwalimu asiye na dini anayetumia kipindi hicho kuwakejeli wanaosali, ningempinga kwa nguvu ileile. Mimi pia naamini Mungu ndiye Muumba. Sijawahi kuliandika hilo ubaoni.

Jumanne, 22 Julai
Kikao cha idara kimekubali: mada irudiwe mikondo yote kabla ya mtihani wa Novemba. Mwenzangu atachukua jenetiki kote, mimi mageuzi. Ameridhia bila kinyongo. Mwalimu ambaye dhamiri yake inakataa mada aseme mapema apewe mwingine. Kuifundisha nusu na kuwaagiza watoto wasiiamini ni kuwanyima haki yao.