Gari Inabeba Nini?

Nilidanganya kwenye fomu ya kuagiza toki konvata. Najua si kitu mtu anaweza kusimama kanisani akiri, lakini kilinigharimu dola 2,300, usiku mmoja kando ya barabara huko New Mexico, na hadithi niliyokuwa nimemjengea babangu kwa miaka minne.

Wacha nianze na gari. Ni pikapu, Dodge Ram 2500 ya 2006, injini ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita zimepanga laini moja kama watoto wa nasari. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 325 na gia boksi auto ya gia nne, ile wanaita 48RE. Niliinunua Fort Worth kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama. Hapa Texas watu wa dizeli wanaiheshimu hiyo injini vile wazee wetu wanaheshimu Peugeot 504: ukiitaja tu, mtu anaweka kikombe chini ndio aanze kuongea.

Kazi yangu ni kuvuta trela. Mtu ana mashine ya kuchimba, ama magari mawili, ama mabomba, mzigo hautoshi lori kubwa na anautaka kesho. Ananipigia mimi. Nalala kwa kiti cha nyuma, naoga kwa vituo vya malori, nakula mayai ya kuchemsha.

Nyumbani Nakuru, hii kazi ilikuwa na sura tofauti. Nilipofika Marekani kwa grini kadi, Mama aliniuliza nimepata kazi gani, nikasema usafirishaji. Hiyo ilikuwa ukweli. Akauliza kama niko ofisini, nikasema ndio, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimechoka na ndio ni neno fupi. Mwaka uliofuata nilikuwa na dereva mmoja chini yangu. Kufikia mwaka wa tatu walikuwa watatu, na mmoja alikuwa msumbufu. Sikuwahi kukaa chini nikapanga huu uongo. Kila simu ilikuwa inaomba kipande kidogo tu, na mzee alikuwa ameuza ploti ndio nipande ndege.

Mzee ni fundi. Miaka thelathini amekuwa akifungua injini za malori kando ya ile barabara ya kuelekea Eldoret. Ananiita "Baba", kwa sababu nimebeba jina la babake, na yeye kumdanganya mtu anayekuita Baba ni kitu kingine kabisa. Unahisi kama unadanganya watu wawili.

Sasa, konvata. Kwa wale wamezoea manual: unajua klachi ndiyo inaachanisha injini na gia ukisimama kwa taa. Auto haina pedali ya klachi. Katikati ya injini na gia boksi kuna bakuli la chuma, kama sufuria mbili zimefunikiana zikachomewa, limejaa mafuta. Ndani kuna feni mbili zinazoangaliana. Moja, pampu, inazungushwa na injini na inarusha mafuta. Ya pili, tabini, inapigwa na hayo mafuta na kuzungusha gia boksi. Hazigusani. Katikati yao kuna gurudumu dogo linaitwa stata, linalogeuza mafuta yanaporudi ili yasaidie pampu badala ya kuipinga. Hapo ndipo uchawi uko: wakati wa kung'oa nanga, hako kagurudumu kanaweza kufanya msukumo wa injini ukaribie kuwa mara mbili.

Shida ni kwamba mafuta huteleza, na kuteleza ni moto. Ndiyo maana ndani ya bakuli kuna pia klachi ndogo. Gari ikishika mwendo, hiyo klachi inafunga, feni zote mbili zinakuwa kitu kimoja, na moto unapungua.

Yangu ilianza kuteleza hata ikiwa imefunga. Uko gia ya nne, barabara imenyooka, unakanyaga mafuta kidogo, mshale wa mizunguko unaruka na gari iko palepale. Mtu wa matatu angesema klachi imeisha. Na haikuwa makosa ya kiwanda. Ni mimi niliweka chipu ya kuongeza kama farasi mia moja, nikafuatisha turbo kubwa ya mtumba. Klachi ya sahani moja ilikuwa imetengenezewa injini ya kawaida, na mimi nilikuwa nimeitoa kwa ukawaida.

Kwa hivyo ilibidi ninunue konvata ya mafundi wa nje, hawa wanaounda moja moja kulingana na gari yako. Usiku nikawa najifunza. Sahani tatu badala ya moja, hiyo haikuwa na ubishi. Kifuniko cha mbele kiwe cha chuma kilichochongwa kutoka kipande kimoja, kwa sababu cha bati jembamba kikipata presha kubwa kinafura kama chapati, na klachi haishiki vizuri tena. Nikagundua pia kwamba ukiimarisha klachi unahamisha shida mbele: ile shafti inayoingiza nguvu kwenye gia boksi ndiyo inakuwa kitu dhaifu, na sahani tatu zikifunga ghafla ukiwa umekanyaga, inaweza kukatika. Kwa hivyo shafti nayo. Pesa ya konvata huwa haiendi peke yake, inabeba marafiki.

Lakini uamuzi wenyewe, ule wa kukukosesha usingizi, ni stoli. Stoli ni kiwango cha mizunguko ambacho injini inaweza kufika ukiwa umekanyaga breki na mafuta pamoja, kabla mafuta ya konvata yaizuie. Konvata ya stoli ya chini ni ngumu, inashika mapema, haichomi mafuta sana. Ya stoli ya juu ni legevu. Inaacha injini ipande kwanza, turbo kubwa ipate pumzi, halafu ikurushe. Kwenye uwanja wa mbio za magari pale Ennis, kusini mwa Dallas, legevu ni tamu. Injini yangu inafika kilele cha msukumo kwa mizunguko 1,600 na haipiti sana 3,200, kwa hivyo tofauti ya mizunguko mia tano si kitu kidogo. Ni kama robo ya maisha yake.

Fundi wa konvata hawezi kukuchagulia bila kukuuliza. Akanitumia fomu. Uzito wa gari. Saizi ya tairi. Turbo gani. Halafu: gari inabeba nini, na kwa asilimia ngapi? Kuvuta mzigo, barabara ya kawaida, mashindano.

Nikaandika kuvuta mzigo asilimia 10. Barabara 60. Mashindano 30.

Nimejiuliza sana kwa nini. Huyo fundi hakuwa ananijua. Hakuwa Mama. Hakuna ploti ilikuwa imeuzwa kwa sababu yake. Nafikiri nilikuwa nimetazama video nyingi za pikapu zikiinua pua kwa moshi mweusi, na nilitaka, hata kama ni kwa karatasi ya mtu nisiyemjua, nisiwe yule wa mayai ya kuchemsha. Tangu nifike Texas nilikuwa nimeenda Ennis mara moja, na niliegesha nje.

Jamaa akaniundia nilichoomba, na akaniundia vizuri. Stoli ya 2,400. Wiki mbili za kwanza, maze, ile gari ilikuwa inaruka. Bila trela.

Halafu nikapata mzigo wa kwenda Denver. Mashine ndogo ya kuchimba, ambayo pamoja na trela ilikuwa tani tano na nusu. Kutoka Fort Worth hadi Amarillo ni tambarare, konvata imefunga, nikapiga mluzi. Ukipita Dalhart na Clayton unaanza kuinuka polepole bila kujua, na ukifika Raton barabara inapanda mlima hadi karibu mita 2,400, juu kidogo kuliko Limuru. Fikiria kupanda kutoka Mai Mahiu na lori liko mbele yako. Ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu walikuwa wanatengeneza barabara na leni moja ilikuwa imefungwa. Sote tulikuwa nyuma ya lori moja la mbao, kilomita arobaini kwa saa.

Kwa mwendo huo gia boksi ilishuka hadi ya pili. Na 48RE kama ilivyotoka kiwandani hufunga konvata kwa gia ya tatu na ya nne tu. Kwa hivyo nilikuwa napanda mlima na tani tano na nusu nikiwa nimening'inia kwa mafuta peke yake, ndani ya konvata legevu, injini ikiwa chini ya ile 2,400 ambayo ndiyo ingeanza kushika vizuri. Nilikuwa nimeweka geji ya joto kwenye bomba la mafuta yanayotoka kwa konvata. Nyuzi 95. Halafu 120, ambapo mafuta ya gia huanza kuungua. Halafu 140. Hakukuwa na mahali pa kutoka. Ilipofika 150 harufu ikaingia kwa kebini, ile harufu ya sukari iliyoungua, na mafuta yakaanza kutapikwa juu ya ekzosi. Nilipata kipande cha changarawe nikasimama moshi ukinifunika.

Ilikuwa saa mbili usiku. Nakuru ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na mzee huamka saa kumi na nusu hata Jumapili. Nilipiga. Sijui nilitaka nini. Nafikiri unapoharibu gari unampigia fundi, na fundi ninayemjua ni mmoja.

"Baba, mbona usiku?"

Nikamwambia gari imechemka gia boksi. Nilisema "gari ya kampuni". Akaniuliza mafuta yako rangi gani. Nikachomoa kijiti, nikamulika kwa simu. Badala ya nyekundu yalikuwa kama kahawa. Akaniambia nipake kwenye karatasi nyeupe niangalie kama kuna vumbi la chuma. Kulikuwa na vumbi, kidogo.

Akanyamaza, nikasikia akikoroga chai. Halafu akauliza lile swali ambalo nimemsikia akiuliza kila dereva tangu nikiwa mtoto nimeketi juu ya tairi pale gereji, kabla hata hajafungua boneti.

"Gari inabeba nini?"

Ningesema chochote. Lakini lile swali nilikuwa nimelijibu vibaya mara moja tayari, na nilikuwa nimekaa ndani ya jibu langu likitoa moshi. Nikamwambia. Mashine na trela, tani tano na nusu. Dereva ni mimi. Hakuna dereva mwingine, Mzee, hakujawahi kuwa. Ofisi ni hii gari.

Alichukua muda. Lori likapita, trela ikatikisika.

"Tani tano na nusu," akasema, "na umeweka konvata ya aina gani?"

Mzee hajawahi kufungua konvata ya pikapu ya Marekani, lakini siku hizi Vitz na Probox za auto zinamfuata hadi kwa gereji ya malori, na mafuta ni mafuta. Nilipomweleza stoli, alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Akasema hiyo ni sawa na kumpa punda wa mkokoteni viatu vya Kipchoge. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Mwenye mashine alikata pesa kwa kuchelewa, haki yake. Karo ya dadangu ya muhula huo ilikwenda kwa gari la kunivuta, na mzee ndiye aliyeenda kwa sacco kuomba muda. Hilo bado linaniuma kuliko dola 2,300.

Fomu ya pili niliijaza na mzee akiwa kwa simu. Kuvuta mzigo asilimia 95. Aliuliza hiyo tano iliyobaki ni ya nini, nikasema ya kwenda dukani. Fundi alisoma, akanipigia mwenyewe, akaniuliza mbona mara ya kwanza niliandika vingine. Nikasema nilikosea. Akasema anazipata hizo fomu kila wiki. Akapendekeza stoli ya 1,800, stata tofauti, sahani tatu vilevile, na sanduku la vali lililobadilishwa ili konvata ifunge hata kwa gia ya pili. Turbo kubwa niliiuza. Na akanipunguzia bei nikimrudishia ile iliyoungua, kwa sababu bakuli huoshwa na kuundwa upya.

Tuliifunga Jumamosi moja, mimi na rafiki, mzee akitazama kwa video kupitia simu iliyoegemezwa kwa mkebe wa mafuta. Tulibadilisha rejeta ndogo ya mafuta ya gia nzima badala ya kuiosha, maana vumbi la chuma likibaki huko linaua konvata mpya. Ukiingiza konvata unaizungusha huku ukisukuma, na lazima isikike ikiingia hatua kwa hatua, tok, tok, tok. Ukiikaza kabla haijaingia yote, unavunja pampu ya mbele siku hiyohiyo. Nilisikia mbili nikataka kuendelea. Mzee akasema rudia, sijasikia ya tatu. Kilomita elfu kadhaa, kwa spika ya simu.

Mwezi uliopita nilipanda Raton tena na tani tano. Nyuzi 98, ikabaki hapo.

Mama bado hajaambiwa. Kila Jumapili anauliza wafanyakazi wangu wako aje, na mimi najikuta nimekwama. Wiki iliyopita mzee alimjibu kutoka nyuma, kabla sijafungua mdomo: wako sawa, mmoja tu ndio alikuwa anachemka, lakini alibadilishiwa konvata.