Kiwanda Kilichobaki Wazi Shela

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni mwendo wa kama kilomita 3 kando ya bahari. Maji yakijaa, watu hupanda mashua, yakipwa, hutembea. Mimi nilitembea, nyuma ya punda wanne waliolemewa na magunia ya chokaa. Vichochoro vya Shela havipitishi gari, kwa hiyo kila kinachojenga nyumba huingia kijijini kwa mgongo wa punda au bega la mtu. Tuliupita mnara wa Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, tukakata kona mbili na kusimama mbele ya nyumba ya ukoo wa rafiki yangu, iliyokuwa ikikarabatiwa.

Nyumba ya kale ya Waswahili haimfungulii mgeni yote kwa mara moja. Kwanza ni daka lenye baraza pande zote mbili. Kisha mlango, kisha njia inayopinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Ndipo unapotokea kiwandani, yaani ua wa ndani, chini ya anga tupu. Vyumba vyote vimekielekea kiwanda: msana wa tini, msana wa yuu, halafu chumba kiitwacho ndani, penye zidaka zilizochongwa ukutani. Ni vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko ndizo zinazobeba dari, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake.

Ukuta wa msana ulikuwa umeumuka na kumeguka. Miaka iliyopita ulipigwa plasta ya simiti. Ukuta huo ni wa matumbawe, nayo hunywa unyevu na chumvi; simiti ikavizibia humo humo. Mzee fundi alikuwa akiibandua kwa patasi, kipande kwa kipande, kisha akipaka chokaa iliyolowekwa majuma kadhaa na kuilainisha kwa kiganja.

“Mwanangu, gusa,” aliniambia. Palikuwa baridi kama mtungi. “Ukuta huu hupumua. Ukiuziba pua, utakufa.”

Mambo ya leo hayakukataliwa. Nyaya za umeme zimelazwa chini ya chokaa mpya, jikoni pana sinki na friji, choo kina maji ya bomba, na paneli za sola zimekaa juu ya dari. Boriti zilizoliwa na mchwa zimeng’olewa, zikawekwa nyingine za mikoko. Wapo waliomshauri rafiki yangu akiezeke kiwanda kwa mabati apate chumba cha kukodisha. Alikataa, na naamini hapo ndipo alipoiokoa nyumba. Kiwanda ndicho kinachotoa joto nje na kuingiza mwanga na upepo. Kikifunikwa, vyumba vyote vinageuka stoo, na feni haitazimwa tena.

Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Heshima hiyo ni kubwa, lakini nyumba huishi kwa kukaliwa.

Usiku ule mvua ilinyesha. Watoto walikimbilia kiwandani wakipiga kelele, asumini ukutani ikanukia, na maji yakamiminika birikani. Bibi mwenye nyumba hakuwaita warudi. Alivuta kiti chake hadi ukingo wa msana, akanyoosha miguu, mvua ikamgusa vidole.