Taka zitenganishwe na nani?

Katika masomo ya sarufi tunafundishwa kwamba kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kumficha mtendaji. Mlango umefungwa: aliyeufunga hatajwi, na sentensi inasimama vizuri bila yeye. Jambo hili lilinipita kama mambo mengi ya darasani, hadi nilipoanza kusoma kwa makini maandishi ya usafi yanayobandikwa ukutani hapa Bukavu. Taka zitenganishwe. Maganda yageuzwe mbolea. Mifuko ya plastiki isitumiwe. Chupa zioshwe, zitumike tena. Ni mashauri mema, nami nimeyafuata kwa mwaka mzima na zaidi. Lakini hakuna hata kitenzi kimoja chenye mtu ndani yake.

Nyumbani kwetu mtu huyo anajulikana. Ni msichana. Kwa muda mrefu alikuwa mimi, pamoja na mdogo wangu anayenifuata.

Tunakaa mlimani upande wa Kadutu, katika parseli moja na familia nyingine mbili. Anayeijua Bukavu anajua maana ya mteremko: unachokitupa leo, mvua ya kesho inampelekea jirani wa chini. Kutoka kwake kinaingia mferejini, kutoka mferejini kinafika ziwani, na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Ruzizi. Hapo mlangoni ndipo lilipo bwawa la umeme lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa na sashe zinazoelea zinakusanyika mbele yake, na kuna watu ambao kazi yao ni kuzitoa ili zisizibe njia ya maji yanayozungusha mitambo. Zikizidi, umeme unakatika, nasi tulio juu tunawasha mshumaa na kumlaumu kila mtu isipokuwa ndoo yetu wenyewe.

Kabla ya kufuata shauri lolote nilitaka kujua tunatupa nini hasa. Kwa wiki moja nilimwaga ndoo ya kila siku juu ya mkeka mbovu, nikagawa kwa mikono. Mama alidhani chuo kimenichosha akili. Zaidi ya nusu ilikuwa maganda: ya muhogo, ya ndizi, ya viazi, pamoja na vijiti vya sombe. Kisha majivu na vumbi la makala. Plastiki haikuwa na uzito mkubwa, ingawa ndiyo iliyojaza macho. Mwisho, nepi za mtoto wa dada yangu mkubwa. Kwa hiyo kile tunachokiita takataka, kwa sehemu kubwa, ni chakula cha udongo kilichoharibiwa kwa kuchanganywa na sashe. Kijijini kwa bibi, upande wa Walungu, jaa lilikuwa nyuma ya nyumba na maboga yaliota juu yake bila kupandwa na mtu. Neno ni lile lile. Mjini ndipo lilipoanza kunuka.

Tuliweka vyombo vitatu: kapo ya maganda, bidoni iliyokatwa kwa ajili ya majivu, na gunia la vitu vingine vyote. Shimo hatukuchimba, kwa sababu kwenye mteremko wetu shimo likijaa maji ya mvua linaweza kubomoa ukuta wa jirani. Tulichukua magunia ya zamani ya unga, tukapanga humo maganda yaliyokatwa vipande vidogo, majani makavu, kisha udongo kidogo, na tena maganda. Kila wiki mtu anapindua ili hewa iingie. Unyevu wake uwe kama wa nguo iliyokamuliwa. Ukizidi, panya na harufu vinafika kabla ya mbolea. Baada ya miezi mitatu hivi huwezi tena kutambua ganda la ndizi ni lipi. Ndani ya magunia hayo hayo tukapanda lengalenga. Majivu tunatia kiasi cha konzi moja tu, maana yakizidi majani yanageuka manjano. Vumbi la makala linakandwa na uji wa muhogo, linafinyangwa kama mayai, linaanikwa juani. Moto wake si mkali, lakini unadumu, na kwa maharagi hiyo ndiyo sifa inayotakiwa.

Kuhusu sashe nina maneno machache, kwa kuwa wengi wamekwisha kuyasema. Amri ya serikali yetu ya kuzikataza ilitiwa sahihi tarehe 30 Desemba 2017. Rwanda ilikuwa imezikataza tangu mwaka 2008. Simama siku moja kwenye mpaka wa Ruzizi uone: mama yule yule anayebeba nyanya ndani ya sashe nyeusi upande huu, akivuka daraja anazihamishia kwenye kitambaa au kapo, wala hafi. Mama yangu sasa anakwenda sokoni na sahani yenye kifuniko kwa ajili ya sambaza. Mara ya kwanza muuzaji alimcheka. Mara ya tatu alimwongezea konzi, akisema huyu hamalizii sashe zake.

Yote hayo yaliwezekana. Lakini yalikuwa kazi mpya juu ya kazi za zamani, na kazi mpya nyumbani haiulizi njia, inakwenda moja kwa moja kwa wasichana. Kukata maganda, kuosha chupa, kupindua magunia, kukanda vumbi hadi kucha zinakuwa nyeusi: karibu saa nzima kila siku, kabla ya kuteka maji. Kaka zangu wawili waliyasifu mazingira mezani. Mmoja wao aliandika hata kazi ya chuo juu ya mbolea yetu, akapata pointi nzuri, na katika kurasa zake zote mbolea "ilitengenezwa".

Wakati wa mitihani ya mwaka jana niliacha. Nilimwambia mama mapema, kwa heshima, kwamba kwa majuma mawili sitagusa ganda. Mdogo wangu akasema naye vivyo hivyo. Siku ya nne kapo ilijaa, siku ya tano kila kitu kilirudi katika gunia moja, na vijana wanaopita kuchukua taka wakataka malipo ya magunia mawili, kwa kuwa wao hulipwa kwa gunia. Baba ndiye aliyetoa pesa hizo. Jioni hiyo aliuliza: «Ile kazi ilikuwa ya nani?» Kaka mkubwa akajibu kwamba ni ya wasichana. Mama alikuwa anachagua maharagi, hakuinua kichwa. «Basi na lengalenga ziliwe na wasichana,» alisema.

Nami nikachukua karatasi. Sikuandika "maganda yakatwe". Niliandika majina, na kila jina likapewa kitenzi chake: fulani anakata, fulani anapindua, baba anabeba gunia hadi barabarani siku ya Jumamosi. Karatasi iko nyuma ya mlango wa jikoni. Haifuatwi kila siku, na kaka mdogo amewahi kufuta jina lake na kuandika langu, nami nikalirudisha kwa wino. Lakini gunia linalotoka sasa ni moja kwa mwezi, badala ya manne. Vijana wa taka hawakufurahi, na sijui niwaambie nini, maana nao wana watoto.

Jirani wa chini amenunua mbuzi wawili. Asubuhi mtoto wake anapanda na beseni tupu kuomba maganda ya ndizi, na kaka yangu, yule yule wa pointi nzuri, anabishana naye mlangoni kwamba hayatoshi hata kwa magunia yetu. Mara nyingi wanagawana nusu kwa nusu. Nepi peke yake hakuna anayeziomba. Dada alijaribu vitambaa kwa mwezi mmoja, halafu akamuuliza mumewe, mbele yetu sote, nani atavifua.