Siri ya Mwanachama ni Amana

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga. Katika chama cha akiba na mikopo, kata hiyo ni meneja. Yeye ndiye ajuaye nani ana akiba, nani anadaiwa, na ni mama yupi awekaye karo ya wanawe kidogo kidogo pasipo jirani kufahamu. Akiropoka yeye, nyumba nyingi huvuja kwa siku moja.

Hapa kwetu Bwesumbu, katika miteremko ya milima ya Rwenzori, tegemeo letu ni kahawa. Miezi ya kabla ya mavuno huwa ya dhiki, na mchuuzi mjanja humwendea mwenye shida ili anunue kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu mmoja, sisi wa kamati ya chama tulishangaa kuona mchuuzi akibisha hodi kwa wadaiwa peke yao. Mjane mmoja alitajiwa deni lake hadi shilingi ya mwisho. Kwa hofu ya aibu, akauza maua ya shamba zima. Tulipochunguza, tuligundua kuwa orodha ilitoka kwa meneja wetu, aliyekitumikia chama kwa miaka 11.

Kamati iligawanyika. Wako waliotaka afukuzwe usiku ule ule. Wako waliosema kuwa ni mzee wetu, asamehewe. Mimi nilishika neno moja: asikilizwe kwanza. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yamruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi bila notisi, iwapo mwenendo wake umevunja kiini cha mkataba. Lakini yaamuru pia kwamba aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, aje na mtu amtakaye, na ajitetee kabla ya uamuzi kukatwa. Mwajiri akilipuuza hilo, atamlipa mshahara wa majuma 4, hata kama kosa ni la kweli.

Basi mzee alikuja pamoja na ndugu yake. Alisema mchuuzi yule ni shemeji yake, naye hakukusudia ubaya. Tuliweka mezani mkataba aliotia sahihi, wenye sharti la kutunza siri. Hakuwa na jibu. Kwa utumishi wa miaka 11 angestahili notisi ya miezi 3, aliikosa. Mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi tulimlipa wote, kwani huo ulikuwa jasho lake.

Kahawa ya mjane haikurudi. Hukumu ya haki haikuweza kuirudisha, na ndiyo sababu kinga yafaa kutangulia. Sharti la siri liandikwe katika mkataba wa kila mtumishi, mkubwa kwa mdogo, na daftari la madeni lisifunguliwe na mtu mmoja peke yake. Nawe mama, kabla ya kuweka shilingi yako ya kwanza, uliza ni nani atakayekisoma kitabu chako. Swali hilo si utovu wa adabu.